Kujaribu Tarumbeta Penye Kelele

Mwalimu wa shule ya msingi aghalabu hutumwa kununua vitu ambavyo hakuvisomea. Leo hutumwa vitabu na chaki, kesho mipira na nyavu, na siku shule inapojaliwa kupata fedha za bendi, hutumwa tarumbeta. Mwalimu mkuu huuliza ni nani kati ya walimu wake aliyewahi kuimba kwaya, na huyo aliyewahi kuimba kwaya ndiye aendaye. Katika makala haya tumekusudia kueleza jambo moja tu la safari hiyo, nalo ni namna ya kujaribu tarumbeta mahali penye kelele nyingi, kama vile katika ukumbi wa maonyesho ya ala za muziki au katika duka lililo kando ya barabara kuu. Jambo hili huonekana dogo. Nasi tuliliona dogo, likaigharimu shule fedha ambazo wazazi walizichanga kwa muda wa miaka miwili.

Tulikuwa katika mwaka wa pili wa kazi. Shule ilikuwa na ngoma nne na filimbi kumi na mbili, na kamati ya shule ikaona kwamba wakati umefika wa kuongeza tarumbeta moja, ili watoto waweze kuongoza gwaride kwa wimbo badala ya mdundo mtupu. Tulikwenda katika maonyesho ya jiji moja, fedha zikiwa zimeshonewa ndani ya koti. Ukumbini, kulia kwetu kijana alikuwa akijaribu seti ya ngoma. Kushoto kinanda cha umeme kilikuwa kimeunganishwa na spika mbili zenye kimo cha mtu. Na mbele ya meza ya matarumbeta walisimama watu sita au saba, kila mmoja akipuliza wimbo wake, wala hakuna aliyemsikiliza mwenzake. Tulipuliza matarumbeta matano katika muda usiozidi nusu saa. La kwanza hatukulisikia sawasawa. La pili na la tatu tulizisikia sauti zake kwa mbali, kana kwamba zilitoka chumba cha pili. La nne lilipenya zile kelele kama wembe. Tukasema hili ndilo, tukalipa, tukapanda basi.

Siku ya pili tulilipuliza chini ya mwembe wa shule, asubuhi, kabla ya wanafunzi kufika. Kwanza tuligundua kwamba ule wembe ulikuwa ni wembe kweli: tarumbeta halikuwa na sauti laini hata kidogo. Ukipuliza kwa upole, sauti haikutoka. Ukiongeza pumzi kidogo, ilitoka kwa kishindo. Pili, sauti ya mi iliyo juu ya do ya katikati ilikuwa chini kiasi cha kuwafanya watoto wacheke. Tatu, mrija wa vali ya tatu ulikuwa umekwama kabisa. Tulipoandika barua ya kutaka kulirudisha, muuzaji alijibu kwamba tulilijaribu sisi wenyewe mbele yake, kwa muda tuliotaka, na tukaridhika. Alisema kweli.

Walimu wenzetu wasidhani kwamba kosa hili ni la watu wa vijijini wasiozoea kumbi kubwa. Mjini Frankfurt, Ujerumani, maonyesho makubwa ya ala yaliyoitwa Musikmesse yalianza mwaka 1980. Ya mwisho ya kawaida yalikuwa ya mwaka 2019, kwani ya mwaka 2020 yalifutwa kwa sababu ya UVIKO-19, na baadaye waandaaji wakayakomesha. Mjini Anaheim, katika jimbo la California, chama cha wafanyabiashara wa ala kiitwacho NAMM huandaa maonyesho ya namna hiyo. Katika kumbi za aina hii sakafu ni ngumu, paa ni la juu, na kuta ziko mbali. Kila mpulizaji hutaka kujua kama tarumbeta aliloshika litafika juu kabisa, kwa hiyo kila mmoja hupuliza sauti zake za juu kwa nguvu zake zote. Jirani yake asipojisikia huongeza pumzi. Wa tatu naye huongeza. Baada ya saa moja ukumbi mzima umepanda, wala hakuna aliyekusudia.

Kisa cha mambo haya kinajulikana. Mwaka 1911 daktari wa masikio wa Ufaransa, Étienne Lombard, alieleza kwamba mtu anayesema huku kelele zikimzunguka huongeza sauti yake bila kujitambua, na kelele zikikoma naye hushuka. Mwalimu mwanafunzi aliyekwisha kwenda katika mazoezi ya kufundisha hahitaji kuambiwa. Amekwisha kuona darasa la watoto themanini likisoma kwa sauti kwa makundi: kundi la kwanza husoma, la pili hushindana nalo, na mwishowe mwalimu mwenyewe anapiga kelele ili kuwataka watoto wasipige kelele. Mpuliza tarumbeta ukumbini ni kama mtoto yule. Anadhani anajaribu tarumbeta, kumbe anashindana na spika za kinanda.

Sikio nalo lina udhaifu wake. Kelele za ukumbi kwa sehemu kubwa ni za sauti nene na za kati, nazo huufunika mwili wa sauti ya tarumbeta, yaani ule unene na utamu wake. Kinachobaki kusikika ni makali ya juu, kwa sababu sikio la binadamu ni jepesi zaidi kwa sauti zenye mitetemo kati ya 2,000 na 4,000 kwa sekunde. Tarumbeta lenye makali mengi litasikika, na lenye sauti nzuri lakini ya upole litamezwa. Zaidi ya hayo, mtu akisikilizishwa sauti mbili zinazofanana, moja ikiwa na nguvu kidogo kuliko nyingine, mara nyingi atasema ile yenye nguvu ndiyo bora, wala hatatambua kwamba tofauti ni nguvu tu. Tena mpulizaji husimama nyuma ya ala yake. Sauti za juu za tarumbeta hutoka mbele kwa mstari, kama mwanga wa kurunzi, na chumbani humrudia baada ya kugonga ukuta. Katika ukumbi mkubwa uliojaa watu na kelele hakuna kinachomrudia. Ndiyo maana tarumbeta zuri huonekana limekufa pale, na mpulizaji hulisukuma mpaka midomo ichoke. Na tarumbeta la tano hupimwa kwa midomo iliyokwisha kuchoshwa na manne ya kwanza. Hukumu yake haiwezi kuwa ya haki.

Basi shauri letu la kwanza ni hili: ukumbini usiombe sikio likupe jibu ambalo haliwezi kulitoa. Anza na mambo ambayo macho, vidole na pumzi huweza kuyajua hata katikati ya radi.

Ili kufanya hivyo ni lazima kujua chombo chenyewe kwa kiasi. Tarumbeta la kawaida la bendi, liitwalo tarumbeta la B bapa, ni mrija wa shaba ya manjano wenye urefu wa sentimita 148 hivi, uliokunjwa ili ushikike. Bila kubonyeza kitu, mrija huo hutoa sauti chache tu zilizopandana kama ngazi, ambazo midomo huzichagua kwa kukaza na kulegeza. Vali tatu huongeza urefu wa mrija: ya pili hushusha sauti kwa nusu toni, ya kwanza kwa toni nzima, na ya tatu kwa toni moja na nusu. Uvumbuzi huu si wa kale sana. Heinrich Stölzel na Friedrich Blühmel walipata hati ya kuumiliki mjini Berlin mwaka 1818. Kabla ya hapo mpuliza tarumbeta aliishi na zile sauti za ngazi peke yake, kama alivyoishi na sauti chache mpuliza siwa wa Lamu na Pate, ambaye naye alitetemesha midomo yake katika shaba au pembe ya ndovu. Twataja siwa kwa sababu wako wanachuo wanaodhani kwamba upulizaji huu uliingia pwani yetu pamoja na bendi za Wazungu. Bendi zilikuja, ngoma ya beni ikazaliwa pwani ya Kenya katika miaka ya 1890, na wamisionari wa Kijerumani wakaacha matarumbeta katika makanisa ya Kilutheri na ya Moraviani; lakini midomo ilikwisha kujua kazi hiyo zamani.

Turudi mezani pa muuzaji. Kabla ya kupuliza, bonyeza vali zote tatu polepole, kisha haraka, kisha moja moja kwa pembeni kidogo, kama atakavyobonyeza mtoto ambaye vidole vyake havijanyooka. Vali nzuri hushuka bila kukwaruza na hurudi juu mara moja. Vuta kila mrija unaovutika, na ule wa vali ya tatu uuvute kwa kidole kimoja huku umeshika ala kama unapuliza. Tutaeleza baadaye kwa nini mrija huu una kesi yake peke yake.

Kisha jaribu kuvuja kwa hewa. Bila kubonyeza vali, vuta mrija wa vali ya pili nje kiasi cha sentimita moja, uuzuie hapo kitambo, halafu uuachie. Kwa kuwa vali isiyobonyezwa hufunga ncha zote mbili za mrija huo, ndani yake hewa hupungua, na mrija hutaka kurudi ndani wenyewe kama unaovutwa na mtu. Penye utulivu ungebonyeza vali na kusikia mlio mdogo kama wa kizibo cha chupa. Ukumbini hutausikia, lakini mvuto utausikia kwa vidole, na vidole havidanganywi na ngoma. Mrija ukikaa pale ulipoachwa, bila hamu ya kurudi, hewa inapita mahali. Fanya hivyo kwa vali zote tatu. Yafaa ikumbukwe kwamba mafuta mengi yaliyomiminwa asubuhi huweza kuziba uchakavu kwa siku moja. Kwa hiyo omba vali ifunguliwe, uipanguse kwa kitambaa, uitie mafuta kidogo tu, ndipo ujaribu. Muuzaji anayekataa jambo hili amekwisha kukupa habari ya kutosha.

Kama ala imekwisha kutumika, angalia mrija wa kwanza, ule unaopokea pumzi kutoka mdomoni. Madoadoa mekundu yenye kiini cheusi ni dalili kwamba shaba inaliwa kutoka ndani. Bonde dogo katika mdomo mpana ni ubaya wa sura tu, lakini bonde katika mrija wa kwanza ni ugonjwa.

Sasa pumzi. Nenda na kipulizio chako mwenyewe, yaani kile kikombe kidogo cha chuma kinachogusa midomo. Tofauti ya kipulizio huweza kumfanya mtu adhani amebadilisha tarumbeta, na wauzaji wengine huweka kwenye ala dhaifu kipulizio chepesi cha kupandia juu. Ukiwa na chako, unalinganisha jambo moja tu. Kama chuo au shule yako ina tarumbeta unalolijua, nenda nalo pia, hata likiwa bovu, kwa sababu ubovu wake unaujua. Puliza lako, kisha la muuzaji, kisha lako tena. Usilinganishe la muuzaji na kumbukumbu ya juzi.

Puliza kwa upole. Tunalisisitiza neno hili kwa sababu mwili wote utakataa, kama Lombard alivyoeleza. Chukua sol ya katikati, ianze bila kuigonga kwa ulimi, kwa pumzi tu, kimya kadiri uwezavyo. Huenda usiisikie. Usijali, unachotafuta kimo midomoni. Tarumbeta jema huitikia mara moja, na midomo huhisi mtetemo umeshika. Tarumbeta gumu hukuacha ukipuliza upepo mtupu, kisha hushtuka. Mtoto wa miaka kumi hana pumzi ya ziada ya kubembeleza ala gumu, naye hatajua kwamba kosa ni la ala. Atasema yeye hawezi, na wiki ya tatu hatakuja mazoezini. Tulimpoteza mtoto mmoja hivyo kwa lile tarumbeta letu la kwanza, msichana aliyekuwa na sikio zuri kuliko letu. Mwaka uliofuata tulimkuta akipuliza kanisani kwao, katika ala ya zamani iliyofungwa waya.

Kupima usahihi wa sauti penye kelele palikuwa na taabu kubwa zamani, maana uma wa sauti hausikiki. Siku hizi kipo kipima-sauti kidogo kinachobanwa kwenye mdomo mpana wa tarumbeta, nacho husoma mtetemo wa chuma chenyewe badala ya hewa. Hiki ndicho kinachofaa ukumbini. Programu ya simu inayosikiliza kwa maikrofoni huchanganyikiwa na kinanda cha jirani. Kiweke katika la ya mitetemo 440, ambayo ndiyo kipimo cha kimataifa. Fumba macho, puliza sauti, itulize, ndipo ufumbue na kusoma. Ukipuliza huku unatazama mshale, midomo yako itairekebisha sauti ili kumfurahisha mshale, na ala itapewa sifa isizostahili.

Lakini usimdai muuzaji kitu ambacho maumbile hayakukitoa. Ngazi ya asili ya mrija hailingani kabisa na ngazi ya kinanda. Ukigawa nusu toni katika sehemu 100, daraja la tano la ngazi hiyo, yaani mi ya juu tuliyoitaja, liko chini kwa sehemu 14 hivi katika mrija wowote, na fundi mzuri hulisogeza kwa umbo la mrija na la mdomo. Kasoro ndogo hapo ni ya kawaida. Kasoro ya sehemu 30 au 40, kama tuliyoinunua sisi, si ya kawaida. Kadhalika sauti mbili za chini, re inayopigwa kwa vali ya kwanza na ya tatu pamoja, na ile iliyo nusu toni chini yake inayopigwa kwa vali zote tatu, hupanda juu mno. Sababu yake ni ya hesabu: mrija wa kila vali umepimwa kwa tarumbeta tupu, na ukiziunganisha vali, tarumbeta limekwisha kurefuka, hivyo kipande kile hakitoshi tena. Dawa ni kuvuta nje mrija wa vali ya tatu wakati wa kupuliza. Mrija uliokwama basi si aibu ndogo; ni sauti mbili zilizopotea kwa wimbo wowote unaoshuka chini.

Baada ya hayo yote, kama bado unataka kusikia, ziko njia chache za kulisaidia sikio. Simama ukielekeza tarumbeta kwenye ukuta au ubao wa banda ulio umbali wa hatua moja, sauti itakurudia kabla haijapotea ukumbini. Ziba masikio kwa vizibo laini; kelele za nje zitapungua, nawe utaisikia ala yako kwa njia ya meno na mifupa ya kichwa. Sauti hiyo si sauti ya kweli, lakini kwa kulinganisha ala mbili inafaa, maana zote mbili zinapita njia ile ile. Vizibo vina faida nyingine pia. Taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya kazini hupendekeza kwamba sikio lisikae katika kelele za desibeli 85 zaidi ya saa 8, na kila desibeli 3 zikiongezeka muda hupunguzwa nusu. Kwa hiyo penye desibeli 94 ni saa moja tu. Tarumbeta la jirani linaloelekezwa kichwani mwako hupita kiasi hicho kwa urahisi.

Nenda na mwenzako. Asimame mbele yako hatua saba au nane, upande sauti inakokwenda, akupe mgongo asione unapuliza lipi, na aandike namba. Ala mbili kwa mara moja zatosha; inayoshindwa huondolewa, inayoshinda hukutanishwa na nyingine. Baada ya kila jozi pumzisha midomo kwa muda ule ule uliopuliza. Na fika asubuhi milango inapofunguliwa, kabla wapiga ngoma hawajaamka. Baadhi ya wauzaji wana chumba kidogo cha utulivu kando ya banda, omba. Kama hakipo, omba kulitoa tarumbeta nje kwa kuacha amana, au uandikishiane mkataba kwamba shule itaweza kulirudisha katika siku kadhaa kama halitafaa. Karatasi hiyo moja ingetuokoa.

Neno moja kuhusu mnunuliwa, yaani mtoto. Hana haja na ala ya mpigaji wa jukwaani. Ana haja na ala inayoitikia pumzi ndogo, yenye vipuri vinavyopatikana na kipulizio cha kipimo cha kawaida. Kwa mikono midogo korneti hufaa zaidi, kwa kuwa mrija wake una urefu sawa na wa tarumbeta lakini umekunjwa karibu zaidi na mwili, na uzito hauvuti mikono mbele.

Wanachuo wametuuliza kama jambo hili lina nafasi darasani pasipo na tarumbeta. Lina nafasi, na somo lake halina gharama. Chukua vipande viwili vya mpira wa kumwagilia maji, kila kimoja mita moja na nusu. Ncha moja itie faneli, na nyingine shingo ya chupa ya plastiki iliyokatwa, ili iwe kipulizio. Kipande kimoja kitoboe kwa msumari wa moto katikati, tundu dogo lisiloonekana kwa mbali. Mwalimu apulize vyote viwili, darasa likiwa kimya, na watoto waandike kipi ni kizima. Kisha nusu ya darasa ipige madawati kwa viganja, mwalimu apulize tena kwa mpango mwingine, na nusu iliyobaki iandike. Halafu wabadilishane. Majibu yaandikwe ubaoni katika safu mbili, ya kimya na ya kelele, na watoto wayasome wenyewe kabla mwalimu hajasema neno. Mara ya kwanza tulipolifundisha somo hili tulifanya haraka kueleza, tukaliharibu. Watoto walikuwa karibu kusema wenyewe. Mwishowe mtoto mmoja ashike mpira wenye tundu na kulitafuta kwa kidole. Kipulizio kioshwe kwa sabuni kabla ya kumpa mwingine.

Mwaka juzi tulitumwa tena, safari hii na shule ya mazoezi iliyo jirani na chuo. Tulijaribu matarumbeta matatu tu, asubuhi mbili, tukiwa na vizibo masikioni na kipulizio mfukoni, na muuzaji akatuvumilia. Moja liliondolewa na vidole peke yake, kwa kuwa mrija wa vali ya kwanza haukurudi. Yaliyobaki mawili tulipewa kwa siku tatu juu ya amana. Jioni, chini ya mwembe, watoto wanne wa darasa la tano walitupa mgongo, tukapuliza yote mawili mara nne nne. Watatu walichagua lile ambalo ukumbini tulikuwa tumeliandika la pili. Ndilo tulilolilipia.